Kwa walimu na wazazi wa Bujumbura: waambieni watoto habari za waliovaa sare na za waliokwenda msituni

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi wa Buyenzi, Bwiza, Kamenge, Kinama, Ngagara na Nyakabiga,

Assalaam alaykum, na amani iwe kwenu nyote. Anayewaandikia ni mwalimu mstaafu wa Buyenzi. Nimesimama mbele ya ubao miaka 34, na baadhi yenu mnaosoma barua hii mlipita mikononi mwangu. Naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mama, na mkiniona nimekosea, mniambie kama mnavyomwambia mama.

Mjukuu wangu ana miaka 11. Mwezi uliopita nilimtuma gereji iliyo nyuma ya nyumba yetu akachukue baiskeli. Pale wanafanya kazi mafundi wawili, wote ni mademobe, wapiganaji walioachishwa jeshi na kurudishwa uraiani. Mmoja alikuwa FAB, jeshi la serikali la zamani, lililoongozwa na Watutsi. Mwingine alikuwa FDD, waasi wa msituni, wengi wao Wahutu. Leo wanatumia sanduku moja la spana, na saa ya kula wanachovya mkate katika sahani moja ya maharage. Mtoto alirudi na baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaniuliza: "Bibi, wale wawili, mbaya ni yupi?"

Siku ile sikumjibu. Nimekaa nalo swali lake, na nimeona si langu peke yangu.

Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kuuliza hivyo. Shuleni anajifunza mfalme Mwezi Gisabo, Wajerumani, Wabelgiji, mwana wa mfalme Rwagasore na risasi iliyomuua Oktoba 1961. Baada ya hapo mwalimu anafunga kitabu. Nawaelewa, nami nilikuwa nakifunga. Lakini mtoto hafungi masikio. Kinachobaki anakiokota nyumbani, usiku, watu wazima wanapodhani amelala. Na kila nyumba ina mnong'ono wake. Mtoto wa Kamenge anapewa Ikiza cha 1972, Wahutu walipouawa. Mtoto wa Ngagara anapewa Oktoba 1993, Watutsi walipouawa. Kila mmoja anakua na nusu ya maiti, na nusu hiyo anadhani ndiyo yote.

Ushauri wangu ni huu: anzeni na wapiganaji wenyewe, wa pande zote mbili, na anzeni na maisha yao ya kila siku. Vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1993, viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Mtoto wa miaka 11 hawezi kuibeba hesabu hiyo, na mimi mwenyewe siiwezi. Kiatu anaweza kukibeba.

Nasema kiatu kwa sababu nilikwenda gereji mwenyewe, nikawauliza wale mafundi wawili kuhusu viatu. Wote wawili niliwafundisha darasa la nne mwaka mmoja, 1982, kwa hiyo kwangu hawakuona haya. Aliyekuwa FAB akaniambia kwamba walipopangwa juu ya kilima walilala na buti za ngozi miguuni, kwa kuwa shambulio lilikuja alfajiri na hakuna aliyetaka kufa akifunga kamba. Safari moja alipitisha wiki mbili bila kuzivua, na alipozivua ngozi ya nyayo ilitoka na soksi. Yule wa msituni alikuwa na buti za mpira, zile za wakulima. Msitu wa Kibira ni baridi, ni mvua na tope, na maji yakiingia ndani ya buti ya mpira hayatoki. Basi alitia kisu motoni, akatoboa tundu dogo kando ya kidole gumba, ili kila akikanyaga maji yaruke nje. Akanionyesha kwa bisibisi, kwenye buti iliyokuwa pale ukutani, mahali hasa alipotoboa.

Mwenzake akaiangalia ile buti, akasema: "Nyayo za buti za mpira ndizo tulizokuwa tunazifuata."

Fundi wa pili aliendelea kushika ile bisibisi. Kisha akasema: "Ndiyo maana tulikuwa tunapita ndani ya mto."

Walimu wangu, saa moja ile niliyokaa juu ya tairi imenifundisha zaidi ya hotuba zote nilizosikia. Sikuambiwa nani ana haki. Niliambiwa miguu ilivyouma, na nikawaona watu wawili wakigundua mbele yangu kwamba waliwahi kuwindana.

Baada ya viatu, waulizeni chakula, maana hapo mtoto ataelewa jinsi vita vilivyofanya kazi. Askari wa serikali alisubiri gari lilete mchele na maharage, na barabara ikifungwa gari haliji. Mpiganaji wa msituni hakuwa na gari la kusubiri. Alikula cha mkulima wa kilimani. Wako wakulima waliotoa kwa moyo, na wako waliotoa kwa sababu ya bunduki, na baada ya kutoa wakabebeshwa mzigo hadi msituni. Asubuhi wanakuja askari na kuuliza nani aliwalisha wale. Mkulima yule yule aliyenyang'anywa usiku anapigwa mchana kwa kunyang'anywa. Septemba 1999 serikali iliwaondoa watu wa vilima vya Bujumbura Rural, zaidi ya 300,000, ikawarundika kambini ili msitu ukose wa kuulisha. Watoto walikufa kwa magonjwa katika kambi zile. Mwambieni mtoto hilo, kwa sababu asipomwona mkulima atadhani vita ni wanaume wawili tu wanaopigana uwanjani.

Halafu ndipo mfike kwenye kwa nini walikwenda. Hapa msikimbie.

Fundi wangu wa msituni alikuwa tumboni mwa mama yake baba yake alipochukuliwa, 1972. Hakuwahi kuonyeshwa kaburi. Juni 1993 alipiga kura, Melchior Ndadaye akashinda, na Oktoba 21 mwaka ule ule wanajeshi wakamuua rais yule kabla hajamaliza hata miezi minne madarakani. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, watu wakatawanyika, naye akavuka mto Rusizi. Yule wa FAB ana Oktoba yake pia. Siku zile zile Watutsi walisakwa vilimani, na Kibimba wanafunzi walifungiwa wakachomwa moto. Binamu yake alikuwa miongoni mwao. Aliniambia kwamba alipovaa sare hakuwa akifikiria siasa yoyote. Alitaka ukuta wa kujificha nyuma yake, na jeshi ndilo ukuta pekee alioujua.

Mwaka mmoja, mwezi mmoja, na vijana wawili waliokaa madawati jirani wanatoka wakielekea pande mbili, kila mmoja akikimbia walichokifanya watu asiowajua wa upande wa mwenzake. Hilo mtoto wa darasa la sita analielewa vizuri kabisa akielezwa polepole.

Najua kuna mzazi anayesoma hapa na moyo wake unapinga. Dada mmoja wa Musaga aliniambia wazi: "Mwalimu, unataka niwahurumie walioniulia?" Hapana, dada yangu. Kumweleza mtoto njaa ya mpiganaji si kumwosha damu. Mwalimu atakayesimulia buti iliyotobolewa kisha akanyamazia Buta, huyo amedanganya darasa. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, wapiganaji wa msituni waliingia bweni la seminari ndogo ya Buta, huko Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakabaki wameshikana, na 40 kati yao wakauawa. Nimewahi kusimama mbele ya makaburi yale, yamepangwa safu kama vitanda. Na atakayesimulia binamu aliyechomwa Kibimba kisha akanyamazia Itaba, naye amedanganya. Septemba 9, 2002, askari wa serikali waliua raia zaidi ya 170 pale Itaba, mkoa wa Gitega, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hayo nayo ni maisha ya askari. Aliyelala na buti miguuni na aliyefyatua risasi Itaba huenda ni mtu mmoja, na mtoto ana haki ya kujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Msiwafiche pia kwamba wengi wa wapiganaji walikuwa wadogo kama wao. Jeshi lilikuwa na doriya, watoto waliobeba mizigo, kuchota maji na kupeleleza. Msituni nako walikuwepo. Vita vilipokuwa vinaisha, kati ya 2004 na 2006, karibu watoto 3,000 walivuliwa sare na bunduki wakarudishwa makwao. Nilimpokea mmoja darasani kwangu. Alikuwa na miaka 15 na alikaa na wa miaka 10. Kengele ya mapumziko ikilia alilala chini.

Kosa nimelifanya mwenyewe, nawaambia ili msilirudie. Mwaka 2007 nilimwalika demobe mmoja azungumze na darasa langu. Mmoja tu, kwa sababu alikuwa jirani na alikuwa hodari wa kusimulia. Alisimulia ushujaa wa wenzake, watoto wakapiga makofi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akachukua mfuko wake akatoka. Sikujua kwamba kundi lile lile ndilo lililopita kwa babu yake. Nilikwenda kwao jioni kuomba radhi. Mama yake alinipa kiti, akanipa chai, hakunilaumu hata kwa neno moja, na hadi leo sijaisahau ladha ya chai ile. Kwa hiyo msimwalike mmoja. Waiteni wawili, wakae benchi moja, na muwapitie wazazi nyumba kwa nyumba wiki moja kabla.

Msiruhusu mtoto aulize "uliua wangapi." Msimuulize mtoto yeyote yeye ni nani kwa kabila, wala msimwache mwenzake amuulize. Majina nayo yana sumu: redio ya serikali ilikuwa ikisema "washambuliaji", na msituni nao walikuwa na lao kwa askari. Darasani semeni askari wa serikali na mpiganaji wa msituni, inatosha. Na msihangaike kutafuta machozi. Mtoto akicheka buti ya mpira inayoruka maji, mwacheni acheke. Amekwisha kuielewa.

Wakubwa kidogo, waambieni na yaliyofuata. Kwamba Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya Arusha hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akayapokea, na makubaliano yakatiwa saini Agosti 28, 2000. Kwamba risasi hazikunyamaza siku ile: FDD walisaini 2003, na FNL, kundi jingine la msituni, waliweka silaha chini 2009 tu. Kwamba jeshi jipya liliandikiwa sheria kabila lolote lisizidi nusu. Na kwamba Desemba 2007 askari wa jeshi hilo walianza kupelekwa Mogadishu, Somalia, kulinda amani, waliotoka FAB na waliotoka msituni katika kikosi kimoja, wakichimba handaki moja katika mchanga wa watu wengine. Februari 2009 bomu la kujitoa mhanga liliua 11 kati yao. Walirudishwa nyumbani pamoja, na hakuna aliyesimama uwanja wa ndege kuuliza jeneza lipi ni la upande upi.

Mjukuu wangu bado anasubiri jibu lake. Nimewaomba wale mafundi wanisaidie kulitoa, nao wamekubali. Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, gereji itafungwa kwa saa mbili na tutatandika mikeka. Darasa la tano na la sita wanakaribishwa, walimu na wazazi wao wakiwa nao. Yule wa FAB ameomba asipigwe picha. Yule wa msituni ameomba maswali ya watoto yaanze na viatu, na amekwenda soko la Ruvumera kutafuta buti kuukuu ya mpira aitoboe mbele yao.