Moshi wa Udi Utakuonyesha

Leicester, Uingereza
9 Novemba 2025

Mdogo wangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila baridi ndiyo imeanza kutukumbusha tuko ugenini. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Umeuliza, "Corona si iliisha, mbona mnatuletea tena mambo ya barakoa?" Swali la haki. Na kwa kuwa Kaka Salim, wifi Zaina na watoto wao wawili watatua Tanga Desemba kwa ajili ya harusi na kulala nyumba moja na Mama, nimeona nikujibu kwa maandishi, uwe nayo mkononi siku ya kuihitaji.

Kilichoisha ni dharura. Shirika la Afya Duniani liliitangaza tarehe 30 Januari 2020 na kuifuta tarehe 5 Mei 2023. Virusi havikuhudhuria kikao hicho. Tangu aina iitwayo Omicron itokee mwishoni mwa 2021 vimekuwa vikibadilika, na kinga anayoipata mtu kwa chanjo au kwa kuugua hupungua ndani ya miezi michache. Kijana ataumwa siku tatu akainuka. Mama ana miaka 76, sukari na presha, kwake huu bado ni ugonjwa wa kumlaza hospitali. Huku msimu huu wa 2025 chanjo ya bure wanapewa wenye miaka 75 na kuendelea, wakazi wa nyumba za kutunzia wazee, na wenye kinga dhaifu. Ile sindano ya Janssen aliyochoma 2021 ilifanya kazi yake, lakini usiihesabu leo kama ngao. Siku ya kliniki ya sukari uliza kama ipo ya nyongeza.

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Ndoo za maji na sabuni za 2020 ziendelee, zinakinga kuhara na kipindupindu. Corona husafiri zaidi kwa pumzi. Mtu akiongea, akiimba au akikohoa hutoa chembe ndogo mno zinazoelea kama moshi wa sigara, na chumba kikiwa kimefungwa huweza kubaki humo hata baada ya mwenyewe kutoka. Chukulia mgeni anavuta sigara chumbani kwake: popote ndani ya nyumba utakapoisikia harufu, na pumzi yake imefika.

Kwa hiyo kabla hawajafika fanya hivi. Tia udi kwenye chetezo, ukiweke katikati ya chumba cha nyuma watakacholala, dirisha wazi, mlango wazi, pangaboi limezimwa. Kaa mlangoni utazame. Moshi ukitoka dirishani kuelekea uani, alhamdulillahi. Ukipinda mlangoni ukafuata ukumbi hadi kwa Mama, basi hiyo ndiyo njia zitakayopita pumzi zao usiku kucha. Jaribu mchana na ujaribu usiku, kwa kuwa upepo wa bahari wa mchana hugeuka usiku ukatoka bara. Na Kaskazi ikishashika Desemba, rudia tena, usitegemee majibu ya Novemba.

Moshi ukienda kwa Mama, chukua ile feni ya kusimama uiweke chumba cha wageni kama hatua moja kutoka dirishani, uso wake ukitazama nje. Watu wataona umechanganyikiwa, waache. Feni ikisukuma hewa nje, chumba kinavuta hewa kutoka ukumbini na haiwi rahisi kurudi. Mlango ufungwe, lakini uwazi wa chini usiuzibe kwa kanga, hapo ndipo hewa inapoingilia. Kuhakikisha, washa udi wa kijiti, ushike chini ya mlango upande wa ukumbini: moshi unatakiwa uvutwe kuingia chumbani. Ukisukumwa kuja kwako, feni haina nguvu ya kushinda upepo wa nje. Iongeze namba au uhamishie dirisha jingine. Angalia pia feni isitupe hewa barazani mnapokaa, wala chini ya dirisha la Mama.

Mpango huu huharibiwa na vitu vidogo. Cha kwanza ni wavu wa mbu wa dirishani. Utie mkono uone: vumbi na mafuta ya jikoni vimeziba matundu hadi hewa haipiti, ingawa dirisha liko wazi. Toa fremu, sugua kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, anika. Cha pili ni yale madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo hata ukifungua yote unapata nusu tu. Cha tatu ni kudhani pangaboi linaingiza hewa. Linakoroga ileile iliyomo. AC ya ukutani nayo vivyo hivyo, inapoza hewa ya chumba na kuirudisha chumbani. Umeme ukikatika feni inasimama, hapo fungua kila kitu na watu wahamie barazani.

Nimewapa kina Salim wabebe kijimashine cha kupimia hewa ya kaboni (CO2) tunayoitoa tukipumua. Ukikiweka uani kitasoma kama 420. Sebuleni watu wakijaa, chini ya 800 ni vizuri. Kikifika 1500 watu wanavuta pumzi za wenzao, fungua au punguza watu. Usikiweke karibu na uso wa mtu wala karibu na jiko.

Sasa siku. Aina hizi za Omicron kwa kawaida hujitokeza siku 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Ndiyo sababu kumpima mgeni mlangoni siku ya kufika hakukuambii alichookota njiani, japo kunampa kila mtu raha ya bure. Ndege ikiwa angani hewa yake huchujwa vizuri. Hatari kubwa iko kwenye foleni, basi la uwanjani na ile nusu saa ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo wanapima asubuhi ya kuondoka huku, siku ya 3, siku ya 5, na asubuhi ya harusi. Vipimo 4 kwa watu 4 ni 16. Nimeweka maboksi manne ya vipimo vitano vitano. Vinne vinavyobaki ni vya nyumba, usigawe kwa majirani. Hizo siku 5 za mwanzo wale barazani, na wakiingia kwa Mama wavae barakoa. Sinia moja halina kosa kwa chakula chenyewe. Kosa lake ni nyuso sita kukaribiana dakika arobaini chumbani. Kumbusu Mama mkono ni kitendo cha sekunde mbili na mkono unaoshwa. Saa nzima ya mazungumzo kitandani pake, mlango umefungwa kwa ajili ya AC, ndiyo ya kuogopa.

Kipimo kinafanana na kile cha malaria cha tone la damu, ila hiki ni cha pua. Mtu apenge kamasi kwanza. Kijiti cha pamba kiingie kama sentimita 2.5, kizungushwe kikisugua ukuta wa pua mara 5 au zaidi, kisha pua ya pili kwa kijiti hichohicho. Kosa kubwa ni woga: watu wanagusa mlangoni mwa pua na kutoa. Kitie kwenye kichupa cha dawa ya maji, kikoroge, kikamuliwe ukibana kichupa, ndipo udondoshe matone kwenye kibao kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya boksi, maana kila kampuni ina yake. Kibao kikae mezani palipo sawa. Soma kwa dakika zilizoandikwa, mara nyingi 15, na usikirudie baada ya 30, kwa sababu mstari unaotokea baadaye unaweza kuwa wa uongo. Mstari wa C usipotokea, kitupe. Mstari wa T ukitokea, hata uwe hafifu wa kutafutwa kwa tochi, ana corona.

Vitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30. Tanga Desemba inapita hapo, kwa hiyo viweke chini sakafuni kwenye chumba chenye kivuli. Friji inafaa, friza hapana, na ukivitoa kwenye friji vikae nusu saa kabla ya kutumia. Usichane pakiti hadi mtu awe tayari, unyevunyevu wa pwani unaua karatasi ya ndani.

Kuna jambo linalowakosesha wengi. Mtu koo linamuwasha leo, anapima leo, hana, anasema "mafua tu" na kwenda kukaa na Mama. Siku ya kwanza ya dalili virusi mara nyingi havijatosha puani. Arudie baada ya saa 48, na kati ya hapo ajihesabu anayo. Na akiwa na homa apime malaria pia. Kipimo kimoja hakiondoi kingine, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Dawa mseto isinywewe kwa kukisia.

Barakoa nilizotuma ni FFP2, zinachuja angalau asilimia 94 ya chembe, zikikaa sawasawa usoni. Zile za buluu za hospitali hupitisha hewa pembeni. Bana waya wa puani kwa vidole viwili, pumua kwa nguvu: ukisikia upepo machoni, haijakaa. Kwa ninyi wenye ushungi, barakoa inavaliwa kwanza, ushungi juu yake, kwa kuwa kitambaa kikipita chini ya ukingo wake kinafungua njia. Kaka Salim na ndevu zake, mwambie ukweli kwamba barakoa haishiki juu ya ndevu. Yeye akae nje. Isifuliwe. Itundikwe ikauke, kila mtu na yake, itupwe ikilegea au ikilowa.

Mtu akikutwa nayo, chumba cha nyuma, feni dirishani, kwa siku 5 angalau, na asikaribie kwa Mama hadi siku ya 10. Huo ndio ushauri wa huku pia kwa wanaoishi na mtu dhaifu. Choo kikiwa kimoja, aingie wa mwisho, dirisha liachwe wazi nusu saa.

Akiugua Mama, tumia kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Akae ametulia dakika 5, mkono uwe na joto, kidole kisiwe na piko wala rangi ya kucha. Kiache dakika nzima hadi namba itulie, uandike na saa. Kawaida ni 95 hadi 100. Ikiwa 93 au 94, mpigie daktari. Ikiwa 92 au chini, mpeleke hospitali ya Bombo bila kusubiri asubuhi. Vifaa hivi huwapa watu wa ngozi nyeusi namba kubwa kuliko ukweli, kwa hiyo ukiona 95 na Mama hawezi kumaliza sentensi bila kupumua, amini kifua chake. Sukari mpime mara nyingi kuliko kawaida, maana ugonjwa huipandisha hata asipokula. Insulini isiachwe. Akitapika au kuharisha, muulize daktari kuhusu vidonge vya sukari vya metformin kabla ya kumpa.

Dukani watakuuzia azithromycin, ambayo ni antibiotiki, na dexamethasone, ambayo ni steroidi. Azithromycin ilijaribiwa huku kwenye utafiti mkubwa wa RECOVERY, haikuwasaidia wagonjwa wa corona. Dexamethasone, miligramu 6 kwa siku, iliokoa waliokuwa kwenye oksijeni au mashine. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika, na kwa mwenye sukari kama Mama inapandisha namba vibaya. Vidonge vya Paxlovid, dawa ya kupambana na virusi vya corona, vinasaidia vikianza ndani ya siku 5 za dalili, lakini vinagombana na simvastatin yake ya kolesteroli, vinaizidishia nguvu amlodipine ya presha, na kwa figo dhaifu dozi hupunguzwa. Mtu asimletee vya kubakiza. Ni vya daktari anayejua orodha yake yote.

Na kujifukiza? Mvuke unalegeza kamasi, hauui virusi mwilini. Najua Mama hataacha, basi afukizwe peke yake, sufuria ikiwa sakafuni na imetulia, isiwe mapajani. Blanketi moja la watu watatu kama ya 2020 ni kuambukizana kwa utaratibu.

Betri mbili za ziada za kipimo cha oksijeni ziko ndani ya soksi nyeusi kwenye begi la wifi. Nipigie Jumapili ukishawasha ule udi, uniambie moshi umeelekea wapi. Nibusie Mama mkono.

Wasalaam,
Dada yako Rukia