Barua kwa mwanangu aliye Jaipur, India

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umefika, kwamba chuo kinafunga kwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na wewe na wenzako mnataka kuuona mji mnaoishi. Nimefurahi. Nakuandikia kwa urefu kidogo kwa sababu Jaipur ina utaratibu wake, na asiyeujua huishia kugonga milango iliyofungwa.

Kosa wanalofanya wageni wengi ni kutenga siku ya mahekalu na siku ya makasri. Msifanye hivyo. Mahekalu mengi hufungwa adhuhuri, miungu yao ikihesabiwa kuwa imepumzika, na hayafunguliwi tena mpaka alasiri. Makasri nayo hufungua asubuhi na kufunga jioni, pale pale mahekalu yanapochangamka. Kwa hiyo anzeni na hekalu, mchana ingieni kasri, magharibi rudini hekaluni. Na ndivyo mji wenyewe ulivyojengwa. Sawai Jai Singh wa Pili alipouanzisha mwaka 1727, hekalu la Govind Dev liliwekwa ndani ya bustani za kasri, na wenyeji husimulia kwamba mfalme aliweza kuiona sanamu kutoka kwenye makazi yake, Chandra Mahal.

Hekalu hilo mtalipita bila kulijua mkiwa mnatafuta mnara, kwa maana halina. Ni ukumbi wa bustanini, nyuma ya kasri. Kuingia ni bure. Kwa siku hufunguliwa mara 7, kila mara kwa muda mfupi: pazia linavutwa, watu wanaitazama sanamu ya mungu Krishna, ndiye huyo Govind Dev, ikiwa imevishwa mavazi ya wakati huo, kisha pazia linarudi. Saa zenyewe hubadilika kwa majira na kwa sikukuu, basi msitegemee karatasi ya mwaka jana. Someni ubao uliopo hapo hapo. Ya kwanza ni kabla ya mapambazuko. Itakayowafaa ninyi ni ile ya katikati ya asubuhi, sanamu ikiwa imepambwa kikamilifu. Fikeni dakika 20 kabla, maana viatu vinaachwa nje na foleni ya viatu ndiyo inayokula muda. Vaeni soksi. Sakafu ya mawe asubuhi ya Novemba ni baridi, na mchana wa Aprili inaunguza nyayo.

Vitu vya ngozi, hata mkanda, ni afadhali uviache nyumbani, kwa sababu baadhi ya mahekalu hayaviruhusu. Simu iwe mfukoni. Sanamu haipigwi picha. Mtandio wa kichwani hautaonekana kitu cha ajabu, wanawake wengi wa pale hujifunika. Kuhani akikupa kitu cha kula kilichotolewa kwa mungu wao, au akitaka kukupaka rangi kwenye paji la uso, na wewe kwa dini yako hutaki, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, sogea pembeni. Hakuna atakayekasirika. Ila ukipokea, pokea kwa mkono wa kulia na usikitupe chini. Wewe ni mgeni katika ibada ya watu, na heshima utakayowapa ni ile ile unayotaka wapewe wazee wetu msikitini. Siku ya Ijumaa, Jama Masjid iko Johari Bazaar, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo.

Kutoka hekaluni nendeni Jantar Mantar. Hapa naomba msiharakishe. Wengi hupiga picha za ngazi na kuondoka, kumbe wamesimama ndani ya vyombo vya kupimia anga, 19 kwa jumla, vilivyokamilika mwaka 1734 na vingine bado vinapima sawasawa. Kile kikubwa, Samrat Yantra, ni saa ya jua yenye kimo cha mita 27. Ukuta wake umelala mshazari kwa nyuzi 27, yaani latitudo ya Jaipur, ili ukingo wake uelekee ncha ya kaskazini ya anga. Ungejengwa Dar es Salaam ungelala karibu nyuzi 7 tu, na ungeelekea kusini. Kila upande wa ukuta kuna tao lenye alama za saa. Asubuhi kivuli huangukia tao la magharibi, baada ya adhuhuri hukwea lile la mashariki, kwa mwendo wa karibu milimita 1 kila sekunde. Wekeni kidole kwenye ukingo wa kivuli, mtakiona kikihama kwa macho yenu.

Halafu mtalinganisha na simu, na mtaona saa ya jua imechelewa. Chombo hakina kosa. Saa ya India nzima hufuata longitudo ya nyuzi 82.5 mashariki, na Jaipur iko karibu 75.8. Kila nyuzi moja ni dakika 4, basi tofauti ni kama dakika 27. Juu ya hiyo kuna tofauti inayotokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua, nayo hubadilika mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba mtaona saa ya jua iko nyuma kwa dakika kama 10 tu, ila katikati ya Februari zinafika kama 41. Tena, ukingo wa kivuli chenyewe umefifia kwa upana unaozidi sentimita 10, kwa sababu jua si nukta bali ni duara. Ukitaka kusoma kwa usahihi, shikilia uzi au kijiti chembamba juu ya tao, kisogeze polepole, na uangalie ni wapi kivuli chake kinamezwa na kile kikubwa. Yote haya yanataka jua kali. Siku ya mawingu ahirisheni.

Kasri la mjini, City Palace, liko jirani, na hapa ndipo wengi hukwama na tiketi. Kuna tiketi ya pamoja ya serikali, ya siku 2, inayoingiza Jantar Mantar, Hawa Mahal, ngome ya Amer na kwingineko. City Palace haimo, kwa kuwa ni mali ya ukoo wa kifalme na ina tiketi yake. Chandra Mahal, lenye ghorofa 7, ukoo bado unaishi humo. Vyumba vya juu vina malipo mengine kabisa, na si ya chini. Kwa bajeti ya mwanafunzi, ua na majumba ya maonyesho yanatosha. Kwenye madirisha ya tiketi ya serikali ulizeni bei ya mwanafunzi wa kigeni, na mwoneshe kitambulisho kabla tiketi haijakatwa.

Mle ndani tafuteni mitungi miwili ya fedha, kila mmoja una kilo zipatazo 345, umefuliwa kwa sarafu za fedha zilizoyeyushwa. Mfalme wa Jaipur, Sawai Madho Singh wa Pili, aliifanya ijazwe maji ya mto Ganga alipokwenda London mwaka 1902 kwa kutawazwa Edward wa Saba, asije akanywa maji ya ugenini. Alikodi meli na kusafiri na sanamu ya mungu wake humo. Hapo mtaelewa kwa nini nasema hekalu na kasri visitenganishwe. Kisha tokeni kwenye ua mdogo wa Pitam Niwas wenye milango 4, kila mmoja wa majira yake. Ule wa tausi ndio bora, jicho langu linavyohukumu.

Hawa Mahal, lililojengwa mwaka 1799, linatazama mashariki. Picha ya uso wake wenye madirisha 953 ni ya asubuhi, ukiwa ng'ambo ya barabara. Mlango wa kuingilia hauko upande huo, zungukeni nyuma. Ghorofa 3 za juu zina unene wa chumba kimoja tu, kwa hiyo kukiwa na watu wengi mnabanana kwenye vijia.

Amer ipeni asubuhi yake peke yake. Ni kilomita 11 hivi kutoka mjini. Fikeni saa mbili asubuhi lango linapofunguliwa (ubaoni itaandikwa 8), kwa maana mabasi ya watalii kutoka Delhi huanza kumiminika kati ya saa nne na saa tano, na mbele ya Sheesh Mahal, chumba cha vioo, hapasogeleki. Pandeni kwa miguu, ni robo saa, na msipande tembo. Ile njia ya mawe inaumiza miguu yao. Hekalu la Shila Devi liko uani, kabla ya kasri lenyewe: liingieni kwanza, maana hufungwa adhuhuri mpaka saa kumi. Mkishuka, piteni Jagat Shiromani, hekalu la mawe yaliyochongwa lililojengwa na malkia kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyefariki. Watu ni wachache, na uchongaji wake unazidi mengi mtakayolipia.

Siku inayofuata Diwali kwa kawaida ni Annakut, siku ya kumtolea Krishna vyakula vingi, na mahekalu yake hufurika. Kama hampendi msongamano, siku hiyo nendeni ngomeni.

La mwisho. Dereva wa bajaji akisema mahali fulani pamefungwa leo, hakikisheni wenyewe; anawapeleka dukani kwenye kamisheni yake. Na mtu yeyote, hata awe mcheshi na mwenye chai namna gani, akikuomba ubebe vito kwenda nchi nyingine kwa malipo, ondoka hapo hapo. Usiache nakala ya pasipoti wala kadi ya benki. Wanafunzi wengi wamelizwa hivyo Jaipur.

Mama na bibi wanakusalimu sana. Niandikie mkishapanga siku.

Baba yako