Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uhalali wa Bidhaa Zetu kati ya Kiwanda na Soko

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulinituma nifuatilie jinsi viwanda vyetu vya Kigoma na Ujiji vinavyolinda uhalali, yaani kuruhusiwa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, wa mawese, sabuni, dagaa wa kukaanga na unga, kuanzia mali inapotoka kiwandani hadi inapomfikia mteja. Nitajikita katika kazi hiyo. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Ndani ya viwanda sikukuta tatizo kubwa. Mawese ni mafuta ya mmea, dagaa ni samaki, wala hatuna machinjio, na nadhani hilo ndilo lililotufanya tujione tumekwisha salimika. Shida yetu imo katika vyombo na katika safari.

Baada ya masika, mwanachama mwenzetu alinunua mapipa yaliyokwisha kutumika, kwa bei ambayo peke yake ilitosha kumtia shaka, baada ya muuzaji kumhakikishia kwamba yalikuwa ya mafuta ya kula. Yalioshwa kwa maji ya moto na sabuni, yakajazwa mawese, yakapelekwa bandari ya Kibirizi kusubiri boti ya Uvira, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Mteja alifungua kifuniko, akanusa, akauliza pipa lile lilibeba nini hapo kabla. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mzigo ukarudi. Mwenzetu analalamika hadi leo kwamba mafuta yalikuwa safi, na huenda yalikuwa safi kweli. Lakini kama pipa lilibeba mafuta ya nguruwe, basi kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, sabuni haitoshi: chombo hutwaharishwa kwa kuoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Na kama lilibeba dawa ya mashambani, hata majosho hayo saba hayamwondolei mlaji hatari.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu katika kikao cha kamati baadhi ya wanachama wasio Waislamu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini fedha za chama zitumike kwa jambo la dini. Jibu langu ni kwamba swali la yule mteja ndilo ambalo mkaguzi yeyote wa ubora angeliuliza. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001 cha mwaka 2015, katika kifungu cha 8.4, kinakitaka kiwanda kidhibiti pia kazi inayofanywa na watu wa nje kwa niaba yake, na mchukuzi wa mizigo ni mmoja wao. Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya neno halali unagusa usafirishaji na uhifadhi sawasawa na utengenezaji. Malaysia imekwenda mbali zaidi kwa kiwango chake cha MS 2400, chenye sehemu tatu: usafirishaji, maghala na uuzaji wa rejareja.

Kwa hiyo tulianzisha daftari la mlangoni, ambamo kabla ya kupakia huandikwa chombo kilibeba nini safari iliyopita, kilisafishwa kwa nini, na nani alikikagua. Nasikitika kusema kwamba katika viwanda kadhaa nilikuta kurasa za wiki nzima zimejazwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, bila shaka jioni ya Jumamosi. Daftari la namna hiyo ni afadhali lisiwepo, kwa kuwa linamdanganya mwenye kiwanda kabla ya kumdanganya mteja.

Boti ni ngumu zaidi. Wachache wetu wanaweza kukodi boti nzima, na nahodha hupakia anachopata, wakiwemo wanyama hai. Codex haikatazi kutumia chombo kilichowahi kubeba kisicho halali, ilimradi kisafishwe kwa utaratibu wa Kiislamu na mali zisigusane. Tumeshauri mizigo ya wanachama iunganishwe, iwekwe juu ya chaga na kufunikwa kwa turubai letu wenyewe. Wapo manahodha waliokubali, na wapo waliotucheka.

Kuhusu vyeti, nakumbusha tu kwamba cheti cha halali kinachotolewa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, hakichukui nafasi ya taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, na kwamba cheti kilichotundikwa ofisini hakisafiri na pipa.

Limebaki suala la mapipa. Kamati inapendekeza chama kinunue mapipa mapya ya pamoja, yapakwe rangi moja na yasibebe kitu kingine isipokuwa mawese. Hatujakubaliana kama gharama igawanywe sawa au kwa kadiri ya mzigo wa kila mmoja, na wenye sabuni wanauliza, kwa haki, kwa nini nao wachangie. Tutaliamua kwa kura katika mkutano huu; kabla ya kura, kila mwenye kiwanda aweke mezani daftari lake la mlangoni la miezi mitatu iliyopita.

Mwenyekiti,
Kigoma