Shangazi, yule mfalme wa ndevu nyeupe nimemwona

Shangazi, shikamoo.

Unaikumbuka ile picha kwenye kitabu changu cha historia, mzee mwenye taji zito, upanga mkono wa kulia na tufe la dhahabu mkono wa kushoto? Uliniuliza, "Huyu naye alitawala wapi?" Nikakujibu jina tu: Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, watu wa zamani wa Ulaya Magharibi. Juzi nimesimama mbele ya picha yenyewe, kwenye makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum, mjini Nuremberg, Ujerumani.

Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wenye kimo cha karibu mita mbili. Albrecht Dürer aliichora kati ya 1511 na 1513, iwekwe katika chumba ambamo taji na mavazi ya makaisari yalilazwa usiku, kabla ya kuonyeshwa hadharani mara moja kila mwaka. Vitu hivyo alivichora kwanza kimoja kimoja. Ndiyo maana vito vya taji unatamani kuvigusa.

Lakini taji lile Charlemagne hakulivaa hata siku moja. Alifariki mwaka 814, nalo lilitengenezwa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Hata zile ndevu! Sarafu zake zinamwonyesha ana masharubu tu. Einhard, aliyeishi naye kasrini na kuandika habari za maisha yake, anasema alivaa nguo za kwao, shati la kitani na suruali, karibu sawa na raia wake, na mavazi ya kigeni hakuyapenda.

Einhard huyo huyo ndiye aliyenifanya nikuandikie. Anasimulia kwamba mfalme aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto, ili akipata nafasi kitandani auzoeze mkono wake kuandika herufi. Alianza umri umeshakwenda, na hakufika mbali. Nikakuona wewe, Shangazi, na daftari lako la kisomo chini ya godoro, penseli umeifunga uzi isipotee. Laiti Dürer angemchora usiku ule, mzee amekaa kitandani, kibao magotini! Ningeipenda picha hiyo kuliko dhahabu yote niliyoiona pale.

Nimekununulia kadi ya posta yenye picha yake. Nyuma sikuandika kitu. Ikikufikia, andika jina lako kwa mkono wako, kisha unirudishie.