Kabla ya Kutuletea Picha za Mtoto: Jinsi Tunavyochora Hadithi ya Familia

Wateja wengi wanaotaka mchoro wa familia hufika na picha nzuri kabisa: watu wamejipanga, nguo zimepigwa pasi, mtoto kapakatwa katikati, macho yote kwenye kamera. Kwa mchoro wa sura tu, picha hiyo inatosha. Kwa mchoro unaosimulia haitoshi, maana ndani yake hakuna linalotokea. Kila mmoja ameacha alichokuwa akifanya ili apigwe picha, na hicho alichokiacha ndicho tunachokitaka.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia ukubwa wa kanvasi huwa tunauliza: mtoto akiwa macho, nani hufanya nini hapo nyumbani? Majibu huanza kwa kusuasua, kisha hufululiza. Baba husinzia mkono wake ukiwa ndani ya kitanda cha mtoto. Dada mtu humvua mdogo wake soksi kila anapovishwa. Bibi hupandisha miwani kwenye paji la uso kabla ya kumbusu mjukuu, isije ikamkwaruza. Tukifika kwenye hiyo miwani, mchoro umeshapatikana. Mtazamaji asiyeijua familia hiyo ataiona miwani imepandishwa, uso umeinama, na ataelewa kwamba busu liko njiani.

Tunapenda sana kuchora dakika ya kabla. Mtoto aliyekwisha kumfikia baba yake amemaliza safari. Aliyesimama dede, mama bado kamshika kwapani, anayo yote mbele yake. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alichora tukio kama hilo mwaka 1890, akifuata kazi ya mchoraji Mfaransa Jean-François Millet: baba amechutama bustanini, koleo kaliweka chini, mikono ameinyoosha, mtoto bado yuko kwa mama. Macho yako yanatembea kwenye ile nafasi iliyobaki kati yao kabla mtoto hajatembea. Van Gogh alifanya kazi hiyo kutokana na fotografia ya rangi nyeusi na nyeupe aliyotumiwa na mdogo wake Theo, na rangi zote akazitunga mwenyewe. Mke wa Theo alikuwa mjamzito majira hayo, na mtoto wao alizaliwa tarehe 31 Januari mwaka huohuo. Basi ukiwa na picha ya zamani isiyo na rangi, usiiache nyumbani ukidhani haitafaa.

Vichanga vina ugumu wao. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni takriban robo ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Macho hukaa chini kidogo ya katikati ya uso, paji likabaki pana. Vipimo hivyo vikikosewa kidogo tu, mtoto anatoka kama mzee mdogo. Simu ikisogezwa karibu mno nayo inaharibu: pua hukua na masikio hurudi nyuma. Simama umbali wa hatua mbili hivi, zima flashi, mlaze mtoto ubavuni mwa dirisha ili kivuli kiangukie upande mmoja wa uso. Piga pia mikono na miguu peke yake. Vidole vya mtoto vina vishimo pale mtu mzima alipo na vifundo, na picha ya mbali haivionyeshi. Andika umri kwenye kila picha, kwa kuwa sura ya wiki ya tatu na ya mwezi wa sita haziwezi kuchanganywa katika uso mmoja.

Ombi linalotugusa kuliko yote ni la kumweka ndani ya mchoro mtu aliyefariki kabla mtoto hajazaliwa, mara nyingi babu. Linawezekana. Tunahitaji picha yake ambayo hatazami kamera, na mwanga wake utoke upande uleule unaommulika mtoto, la sivyo ataonekana kama amekatwa mahali na kubandikwa. Njia nyingine ni kuchora kitu chake: kiti alichokalia, koti lake likiwa limetundikwa, redio yake karibu na mtoto anayetambaa kuifuata. Mimi huielekea hii ya pili, kwa kuwa familia inamtambua mara moja na hakuna anayelazimika kubishana kama sura imefanana. Lakini uamuzi ni wa familia, na tunauheshimu.

Wengine huomba mtoto aonekane mara mbili, kichanga upande huu na akitembea upande ule. Mbinu hiyo ni ya siku nyingi. Miaka ya 1420, katika kanisa la Santa Maria del Carmine mjini Florence, mchoraji Masaccio alimchora mtume Petro mara tatu ndani ya mchoro mmoja, akamvika nguo za rangi zilezile ili mtazamaji asimpoteze. Nasi tutachagua rangi moja ya nguo au blanketi itakayomfuata mtoto wako.

Baada ya mazungumzo tunachora rasimu chache kwa penseli, nawe unachagua. Mabadiliko yote yaletwe hapo, maana kuhamisha mkono kwenye rasimu ni kufuta tu.

Kuhusu muda: akriliki, yaani rangi zinazochanganywa kwa maji, hukauka upesi. Rangi za mafuta hukauka kwa kuungana na hewa, siku hadi wiki kwa tabaka la juu, na vanishi ya mwisho, ile ya kuikinga rangi, kwa kawaida husubiri miezi sita hadi mwaka. Ukitaka mchoro wa mafuta kwa siku ya kwanza ya kuzaliwa, tuanze mtoto akiwa bado mdogo kabisa. Utauchukua ukiwa umekauka juu, utautundika mbali na jua la moja kwa moja, kisha uurudishe tuupake vanishi.