Shukrani za familia ya Bibi yetu wa Walukuba, Jinja

Assalaam alaykum.

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu Bibi tunawashukuru nyote mliotufaa tangu alipotutoka hadi khitma. Majirani mliolala nasi matangani, masheikh mliomsalia, vijana mliochimba kaburi, na nyinyi wa bodaboda mliowaleta wageni bila kudai nauli, Mwenyezi Mungu awalipe. Ndugu wa Kisumu na Mombasa mlikesha ndani ya basi kumwahi Bibi, poleni na safari. Mabugo yenu, yaani michango ya rambirambi, yamefika, nayo yameandikwa daftarini.

Kuna shukrani nyingine. Tulidhani mizaha ya Bibi ni yetu wa ndani tu, kumbe mtaa mzima unaijua. Usiku ule chai ilipochelewa, akina mama waliitikia kwa sauti moja, "Treni ya Kasese!" Watoto walicheka bila kujua asili yake. Basi wajue: reli ya Kasese, kule magharibi mwa Uganda, ilifunguliwa 1956, na Babu alifanya kazi kwenye treni zilizoleta shaba ya mgodi wa Kilembe kuyeyushwa hapa Jinja. Bibi anapakua jioni, Babu anaingia alfajiri. Toka hapo kila mchelewaji kwetu, hata awe bwana harusi, ni treni ya Kasese.

"Kata sifuri mbili" nayo ni ya 1987, serikali ilipobadilisha noti na shilingi mia za zamani zikawa moja mpya. Bibi akaona hesabu hiyo yawafaa na wapiga chuku. Mjukuu akija mbio kwamba amefukuzwa na mbwa mia, anajibiwa, "Kata sifuri mbili," anabaki na mbwa mmoja. Shangazi anadai hata mahari yake ilijadiliwa hivyo. Hilo tunamwachia mwenyewe.

Sasa msemaji wetu aliposimama akasema waombolezaji wamefika elfu tano, kitukuu mmoja alimkatia sifuri zake palepale, mbele ya sheikh. Tunamwomba msemaji radhi, ingawa Bibi angempa mtoto yule kipande cha sukari guru.

Dua ya arobaini itasomwa hapa hapa nyumbani baada ya adhuhuri, siku tutawaarifu msikitini. Masufuria mawili makubwa na mkeka wa kijani bado viko kwetu. Mwenyewe aje achukue.