Barua ya malalamiko: mliniuzia kii ya Windows ilhali yangu ilikuwa ndani ya laptopu

Steshenari, Majengo,
Moshi, Kilimanjaro.
15 Septemba 2025

Meneja,
Duka na Karakana ya Kompyuta,
Moshi Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA SHILINGI 60,000 KWA KII YA WINDOWS NISIYOIHITAJI, NA KUZIMIWA ULINZI WA LAPTOPU YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nina steshenari ndogo hapa Majengo. Nachapa, natoa kopi, na sehemu kubwa ya mwaka kazi yangu ni kuwajazia watu maombi mtandaoni: mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa, ajira. Laptopu moja ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nimekuwa mteja wenu kwa miaka minne na majirani wengi wamefika kwenu kwa kuelekezwa na mimi, ndiyo maana nawaandikia ninyi kwanza kabla sijaenda popote.

Jumamosi tarehe 1 Machi mwaka huu niliwaletea laptopu hiyo kwa sababu diski yake ilikuwa inagonga, na kuiwasha tu ilikuwa kazi ya robo saa. Fundi wenu alishauri tuweke SSD, yaani diski mpya ya kasi, ya GB 512 na kupiga Windows upya. Ushauri ulikuwa mzuri. SSD ile inafanya kazi vizuri mpaka leo na sina neno nayo. Kisha akaniambia kwamba leseni ya Windows ilikuwa kwenye diski ya zamani, kwamba diski ikitoka na leseni imekwenda nayo, hivyo sina budi kununua kii mpya, yaani namba ya kuthibitisha kwamba Windows ni halali. Nilimweleza kwamba laptopu hii niliinunua mpya dukani Arusha mwaka 2022, ikiwa na Windows yake, toleo la Windows 11 Home. Nikaigeuza nimwonyeshe stika ndogo iliyo chini. Akaitazama, akasema: "Mama, unaona hapa hakuna namba? Stika isiyo na namba ni pambo tu, leseni hakuna."

Sikuwa na la kumjibu. Jumatatu tarehe 3 Machi nilichukua mashine yangu na kulipa shilingi 215,000: SSD 120,000, ufundi 35,000, na mstari wa tatu kwenye karatasi yenu ya kazi umeandikwa "Windows Pro Key, original" 60,000. Risiti ya EFD inaonyesha jumla tu, lakini karatasi ya kazi ninayo, na ina mhuri wenu.

Jumatatu tarehe 1 Septemba, nilipofungua ofisi asubuhi, nilikuta maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini kulia ya skrini yakisema "Activate Windows". Mashine iliendelea kufanya kazi, siwezi kusema iligoma. Lakini skrini yangu inatazamana na wateja. Kijana mmoja aliyekuja kujaza maombi ya mkopo aliyasoma, akaniuliza kama ni salama kuweka namba yake ya NIDA kwenye kompyuta isiyo halali. Nilimwambia ni halali, nimelipia. Nilisema hivyo kwa sababu niliwaamini ninyi.

Kesho yake nilikuja kaunta. Nikajibiwa kwamba kii "imeisha muda" na kwamba natakiwa kulipa tena 60,000, ila kwa kuwa ni mteja wa siku nyingi nitafanyiwa 40,000. Niliomba kuonana nawe, nikaambiwa umesafiri. Nikaondoka bila kulipa.

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya kompyuta Arusha. Jumamosi iliyofuata alikuja Moshi, tukakaa na mashine mchana mzima, na naomba usome kwa makini tulichokikuta, maana hapo ndipo palipo na malalamiko yangu yote.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuandika amri moja fupi kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows. Ikajibu kwa mstari mmoja: herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano. Hiyo ndiyo kii ya Windows iliyokuja na laptopu yangu kutoka kiwandani. Haikuwa kwenye diski, na haijawahi kuwa huko. Imo kwenye chipu ya mazabodi, ule ubao mkuu. Alinieleza kwamba zamani, enzi za Windows 7, kii iliandikwa kwenye stika chini ya laptopu, na stika ikifutika kwa jasho na msuguano, mwenye mashine ameumia. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji wa laptopu walianza kuichoma kii ndani ya ubao wenyewe, na stika ikabaki kuwa alama tu bila namba. Kwa hiyo stika yangu isiyo na namba haikumaanisha kwamba sina leseni. Ilimaanisha kwamba leseni iko ndani. Mngekuwa mmebadilisha mazabodi, ningekubali kwamba kii yangu imeondoka nayo. Mlibadilisha diski.

Jambo la pili lilinishtua zaidi. Kabla ya kugusa chochote aliniambia tupige picha hali ilivyo. Tulipoandika amri ya slmgr /dli, inayoonyesha hali ya leseni, Windows mliyoniwekea ilionyesha kwamba ni toleo la Pro, si Home yangu, ya njia ya VOLUME_KMSCLIENT, yaani ile ya kompyuta za taasisi, na herufi tano za mwisho za kii yake ni T83GX. Herufi hizo si siri ya mtu. Ni mwisho wa kii ambayo Microsoft wenyewe wameiweka wazi kwenye tovuti yao, bila malipo, kwa ajili ya wasimamizi wa kompyuta za taasisi kubwa. Peke yake haimpi mtu leseni yoyote. Inaiambia kompyuta tu kwamba ikatafute seva, yaani kompyuta kuu, ya taasisi yake, seva ambayo haianzi hata kuthibitisha Windows mpaka kompyuta zisizopungua 25 ziwe zimeripoti kwake. Kompyuta ikithibitishwa hivyo inapewa siku 180, na ndani ya siku hizo lazima iripoti tena. Hesabu mwenyewe kuanzia tarehe 3 Machi: siku 180 zinaishia tarehe 30 Agosti, siku mbili kabla sijayaona yale maandishi. Steshenari yangu ina kompyuta moja. Haina seva, wala si tawi la taasisi yoyote.

Kwa hiyo neno "imeisha muda" nililoambiwa kaunta halikuwa kweli. Kii ya laptopu iliyonunuliwa na Windows yake haina tarehe ya kuisha. Kilichoisha ni ujanja uliofanywa na fundi wenu.

Na hapa, Ndugu Meneja, ndipo ninaposhindwa kuamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mtu akipiga Windows kwenye laptopu kama yangu kwa kutumia faili la Microsoft lenyewe, programu inayosakinisha inaisoma kii iliyo kwenye mazabodi na kuchagua Home bila kumuuliza mtu. Ukiunganisha intaneti, inajithibitisha. Ili nipate Pro isiyo yangu, fundi wenu alilazimika kutumia flashi iliyotayarishwa makusudi isisome kii ya mashine, au kuibadilisha kii kwa mkono baada ya kumaliza. Njia rahisi na isiyo na gharama ndiyo ilikuwa halali. Yeye alifanya kazi ya ziada kuiweka leseni yangu pembeni, kisha nikauziwa kitu kilichowekwa mahali pake.

Sasa nakuja kwenye lile linaloninyima usingizi. Ili ujanja ule ufanye kazi, antivairasi ya Windows ilizimwa. Tulipofungua sehemu ya ulinzi tulikuta folda mbili zimeorodheshwa kama zisiguswe na antivairasi kamwe, na ndani ya mojawapo kulikuwa na programu ya kukraki, yaani ya kuidanganya Windows kwamba ina leseni, iliyoachwa humo. Miezi sita nzima. Ndani ya miezi hiyo nimeskani vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, vitambulisho vya NIDA, barua za mabenki, vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Kuna mama kutoka Uru aliyeniachia nyaraka zote za mirathi ya mumewe nizipange na kuzituma. Wananiachia kwa sababu wananijua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, nimekuwa mwangalifu hata na karatasi zilizoharibika, nazichana kabla ya kuzitupa. Na wakati huohuo mlango wa kompyuta yangu ulikuwa umeachwa wazi na fundi niliyemlipa. Sina ushahidi kwamba kuna aliyeingia. Lakini sina namna ya kuwaambia wale watu kwa uhakika kwamba hakuna aliyeingia, na hilo linaniuma kuliko shilingi 60,000.

Tuliifuta SSD yote tukaanza upya. Tulipakua faili la Windows 11 kutoka Microsoft, zaidi ya GB 5 kwa bando la simu, tukaliweka kwenye flashi ya GB 8 niliyoinunua siku hiyohiyo. Hakuna mahali tulipoulizwa kii. Mashine ikawaka na Windows 11 Home, tukaiunganisha na intaneti ya simu, na kwenye mipangilio ikaandika kwamba imethibitishwa kwa leseni ya kidijitali. Dakika chache tu. Nilikaa kimya nikiitazama, maana nilikuwa nimeilipia tangu mwaka 2022.

Kuna jambo jingine, na silisemi kwa ajili yangu. Ile tarehe 2 Septemba, nikiwa nimekaa kwenye benchi lenu nasubiri, mzee mmoja alikuja na laptopu yake. Kwa mazungumzo yake nilielewa ni mwalimu mstaafu, na laptopu alinunuliwa na watoto wake. Aliambiwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi: diski mpya, leseni mpya, 60,000. Akahesabu noti moja moja juu ya kaunta. Wakati huo sikujua ninachokijua leo, nikanyamaza. Simjui jina, lakini karatasi yake ya kazi mnayo, na namba yake ya simu bila shaka imo. Mpigieni.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie shilingi 60,000 nilizotozwa kwa kii ile, pamoja na shilingi 22,000 nilizotumia kununua flashi na bando la kurekebisha kazi yenu. Ufundi wa 35,000 sidai, kwa sababu SSD mliifunga vizuri. Mnieleze kwa maandishi ni programu gani mliyoiacha kwenye mashine yangu na mliipata wapi, ili nijue la kuwaambia wateja wangu. Na muwatafute wateja wengine waliofanyiwa kama mimi, kwa sababu mashine zao bado zina zile folda na wao hawajui.

Kuhusu kazi zijazo, naomba fundi asome kii ya mashine mbele ya mteja kabla ya kugusa diski, na kwenye karatasi ya kazi aandike toleo lililokuwemo, Home au Pro, na herufi tano za mwisho tu, si kii nzima, kwa sababu mwenye kii nzima mkononi anaweza kuitumia kwingine. Mashine ikirudi, aandike tena toleo na herufi hizo, mteja alinganishe mwenyewe. Kama mashine kweli haina leseni, aambiwe ukweli huo pamoja na bei ya leseni halisi, aamue mwenyewe. Wapo watakaosema hawana uwezo. Waambieni ukweli hata hao.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya watumiaji. Sipendi kufika huko. Kwenu kuna vijana wenye mikono mizuri, na mji huu unawahitaji. Lakini nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka barua hii huko pamoja na picha zote.

Nimeambatisha kivuli cha karatasi ya kazi ya tarehe 3 Machi, risiti ya EFD, na picha sita za skrini tulizopiga kabla ya kufuta. Jumatatu tarehe 29 Septemba, saa nne asubuhi, nitafika ofisini kwenu na laptopu yenyewe. Naomba siku hiyo uwepo wewe pamoja na fundi aliyeifanyia kazi.

Wako mteja,

Mwenye steshenari,
Majengo, Moshi.